Daktari wa Simu Kwenye Arobaini

Nianze na simu yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa simu nzuri kabla ya kuanguka kwenye beseni la maji, pale kibandani kwangu Arua mjini ninaposhona sare za shule. Fundi aliifufua yote isipokuwa ile spika ndogo ya kuweka sikioni. Hiyo ilikufa moja kwa moja. Tangu hapo mtu akinipigia nalazimika kuweka sauti ya nje, na kila aliye karibu anasikia. Wateja wangu walizoea. Mmoja alikuwa akija kupimwa sketi, anakaa kusubiri hata baada ya kupimwa, ati bado hajajua shangazi yangu wa Manibe amefikia wapi na kesi yake ya mbuzi. Kila mwezi nilijiambia nitaitengeneza mwezi ujao, na mwisho nikazoea na mimi.

Mtu mwenye simu kama hiyo hafai kutafuta daktari kwa simu. Mimi nilimtafuta, tena si kibandani kwangu bali Koboko, nyumbani kwa wazazi wa mume wangu, katikati ya shughuli ya arobaini. Mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda, ingawa sijui vizuri niielekeze kwa nani.

Aliyekuwa amefariki ni baba mdogo wa mume wangu. Dua ya arobaini ilipangwa kusomwa Ijumaa, na sisi wake wa watoto wa nyumba ile tuliitwa mapema kupika. Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki ile alikuwa amevuka mpaka pale Vurra na mzigo wa saruji, ameingia Congo, na akishapita Aru kumpigia simu huwa ni kazi bure. Kwa hiyo nilifunga kibanda, nikatoka Pajulu tunakopanga, nikaenda peke yangu. Wanaojua shughuli hizi wanajua kwamba mke wa mwana hana ruhusa ya kuumwa. Anachota maji, anapepeta mchele, anamenya vitunguu mpaka macho yanavimba, anasugua masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Anafanya yote hayo akiwa na uso mkunjufu, kwa sababu uso wake nao unapimwa.

Na mimi nilikuwa na mimba.

Waliojua ni mimi, mume wangu na muuguzi wa kliniki moja ya Arua. Tulikubaliana iwe hivyo. Mimba yangu ya kwanza mama mkwe aliipokea kwa furaha kubwa mno, akaitangaza Koboko nzima, kuanzia sokoni mpaka kwa wanawake wenzake wa msikitini. Ilipotoka, wote wale waliopelekewa habari njema walikuja kutoa pole. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na ushauri wake, na kila mmoja kabla hajakaa alinitazama tumboni. Sitaki kuyapitia tena yale. Safari hii nilijishonea magauni mapana, nikasema tumbo lenyewe ndilo litakalowaambia.

Ile ya kwanza ilianza kwa jambo dogo. Mkojo ulikuwa ukiniunguza. Niliingia duka la dawa, nikasema ninavyojisikia, muuzaji akanichanganyia vidonge vya rangi mbili kwenye kibahasha cha karatasi bila kuniuliza hata swali moja. Maumivu yakapoa, yakarudi, safari hii na homa na kiuno kama kimepigwa mchi. Mwisho wake ulikuwa kwenye kitanda cha hospitali Arua, na sikutoka na mtoto. Daktari wa wodi aliniambia kwamba maambukizi ya mkojo ni ugonjwa wa kawaida, unatibika upesi, lakini kwa mwenye mimba hupanda juu haraka na unaweza kumtoa mtoto. Akasema, siku nyingine usimeze kidonge ambacho hakikuandikwa na daktari anayejua hali yako. Neno lile nililishika.

Sasa niko Koboko, ni Jumatano, niko na ndoo kichwani, na mkojo unaunguza.

Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni jua na uchovu. Nilikunywa maji mengi. Lakini kila nikitua ndoo nataka kwenda chooni, nikifika yanatoka matone tu, nayo ni moto. Choo cha nyumba ile kiko nyuma, na njia yake inapita mbele ya jiko la wanawake. Kila nilipopita niliona macho ya mama mkwe yananifuata kutoka juu ya sinia la mchele. Hakusema kitu. Mama mkwe asiposema kitu ndipo mtu anapoanza kutoka jasho.

Mtu atauliza, si uende kituo cha afya? Kipo, tena si mbali. Lakini mkunga wa pale ni mtoto wa shangazi yake mume wangu. Nilijua swali lake la kwanza litakuwa lini niliona siku zangu mara ya mwisho, na niliamini kwamba kabla sijarudi nyumbani jibu langu lingekuwa limeshafika na kuketi. Isitoshe, kutoka katikati ya mapishi kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji sababu.

Ndipo nikakumbuka tangazo la redioni. Walikuwa wakilirudia mpaka nikalijua kwa moyo: daktari kwa simu, popote ulipo. Maambukizi madogo madogo ya koo, ya macho, ya ngozi, ya mkojo, unaeleza tu, daktari anakuandikia dawa, ujumbe unaingia kwenye simu, unaonyesha duka la dawa lililo karibu. Huna haja ya kupanga foleni. Hakuna atakayejua. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonikamata. Yule mwanamke wa tangazo aliyatamka taratibu, kama anayenijua.

Tatizo la kwanza lilikuwa mtandao. Nyumba ile iko nje kidogo ya mji, kuelekea mpakani, na simu ikifika pale haijui iko nchi gani. Karibu na jiko inakukaribisha Congo. Nyuma ya zizi inakukaribisha Sudan Kusini, na kila “karibu” moja inakula salio. Uganda inashika mahali pamoja tu, kando ya rundo la matofali ambayo mume wangu amekuwa akiyafyatua kidogo kidogo kwa ajili ya nyumba yetu. Siku za kawaida hakuna anayekaa pale ila kuku. Lakini kwa ajili ya arobaini walikuwa wametandaza turubai papo hapo, wakapanga viti vya wanaume chini yake, na kwenye kiti cha kwanza, karibu kabisa na matofali, alikuwa amekaa baba mkwe wangu na redio yake.

Baba mkwe alikuwa askari zamani, na wenzake wengi waliokaa naye pale walikuwa askari pia. Husema kwamba mizinga ilimharibu masikio. Kwa hiyo mtu akimwambia paa linavuja, hasikii. Akiambiwa fulani amekuja kuomba msaada, hasikii. Redio yake lakini huisikiliza kwa sauti ndogo sana, hata mimi niliyesimama karibu nasikia mlio wa mbu tu. Watoto wake wamekwisha kuacha kubishana naye juu ya jambo hilo.

Kati yangu na yeye kuna heshima yetu. Sikai anapokaa, simtazami usoni nikizungumza, na mambo ya mwili hayatajwi mbele yake hata kwa mafumbo. Yeye naye hanisemeshi moja kwa moja. Akitaka maji, na mimi nimesimama mbele yake na birika mkononi, anageuka upande na kusema, “Waambie walete maji.” Nami naleta. Haikuwahi kunisumbua. Naipenda hata, maana inampa kila mtu nafasi yake. Haikunisumbua mpaka siku ile.

Nilimwambia mama mkwe naenda kupanga matofali yaliyoanguka, watu wasije wakajikwaa. Akanitazama. “Matofali?” akauliza. “Sasa hivi? Na vitunguu?” Nikasema nitarudi upesi.

Nikasimama kando ya rundo, nikafungua ile huduma. Ikaomba jina. Ikaomba umri. Ikaniambia imenitumia namba za siri, namba zikachelewa, zilipofika ikasema muda wake umekwisha, niombe nyingine. Ikataka malipo kwanza, nikalipa. Kisha ikauliza nichague lugha, na orodha ilikuwa na Kiingereza, Kiganda na Kiswahili.

Hapa ndipo nilipokosea, na nadhani ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Kilugbara changu hakikuwemo. Kiganda sikijui. Kiingereza changu ni cha kuuza na kununua. Naweza kumweleza mzungu kwamba kitambaa hiki hakichuji, lakini siwezi kueleza mkojo. Nikabonyeza Kiswahili bila kufikiri, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake. Haikunijia kichwani kwamba chini ya turubai lile Kiswahili ndicho kitu walichokuwa nacho wote. Wanaume wale walilelewa kambini. Husali kwa Kiarabu, hugombeza wajukuu kwa Kikakwa, lakini amri, utani na habari za dunia ni kwa Kiswahili. Ningebonyeza Kiingereza, hata cha kubabaisha, labda mmoja angeambulia neno. Mimi nilimchagulia daktari lugha ya baba mkwe wangu.

“Kuna wagonjwa mbele yako. Tafadhali subiri.” Si walisema hakuna foleni? Nikasubiri. Ili nisionekane nimesimama bure, nikawa nahamisha matofali, nayatoa upande huu naweka upande ule, kisha nayarudisha. Mzee mmoja akasema, “Huyu mama iko na kazi sana.” Mwingine akamjibu, “Watu ya Arua iko hivyo.” Tumbo la chini lilikuwa linanivuta, nikajikaza kisabuni.

Nilitumaini tutaandikiana. Lakini simu ililia, na ililia kwa ule muziki wa harusi alioniwekea mpwa wangu. Nikageuka, nikawapa wazee mgongo, nikaifunika kwa ncha ya kitenge.

“Habari za mchana, dada,” daktari akasema. Alikuwa kijana, Kiswahili chake safi, cha kitabu, kila herufi imepigwa pasi. “Nikusaidie nini leo?”

“Daktari,” nikanong'ona, “ni ule ugonjwa wa wanawake.”

“Sikusikii, dada. Ongeza sauti tafadhali.”

“Ugonjwa wa wanawake.”

“Magonjwa ya wanawake ni mengi, dada. Fafanua.”

Nifafanue! Nilikohoa. Nikasema naenda nje mara nyingi. Akauliza nje wapi. Nikasema chooni, kwa sauti ya kumezwa. Naye, Mungu amsamehe, akaamua kunirahisishia kazi. Akasoma maswali yake moja baada ya jingine, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

“Unapokojoa, unasikia maumivu ya kuungua?”

Nyuma yangu walikuwa wakizungumza bei ya ng'ombe. Mazungumzo ya ng'ombe yakakatika.

“Eeh,” nikasema.

“Mkojo unatoka kidogo kidogo?”

“Eeh.”

“Rangi yake ikoje? Una harufu?”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema upesi upesi hakuna rangi, hakuna harufu, hakuna homa, naomba dawa tu daktari, nina kazi.

“Swali la mwisho, dada. Je, una ujauzito?”

Naweza kukuambia hata leo jinsi tofali nililokuwa nimelishika lilivyokuwa. Lilikuwa na alama ya kidole cha mume wangu kwenye kona. Baba mkwe alikuwa nyuma yangu, karibu kiasi cha kumpa maji bila kunyoosha mkono. Niliwaona wale wanawake wote wakija tena na pole zao.

“Hapana,” nikasema.

“Vizuri sana. Dawa inakuja kwa ujumbe. Asante kwa kutuchagua.”

Ujumbe ukaingia kweli. Jina la dawa, kidonge asubuhi na jioni, kunywa maji mengi. Na chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho: dawa hii isitumiwe na mjamzito.

Nikausoma tena. Nilikuwa nimelipa, nimeaibika mbele ya jeshi zima, na nimepewa dawa ambayo siwezi kuimeza. Nikaandika haraka kwenye lile dirisha lao la ujumbe: samahani daktari, nina mimba, nibadilishie dawa. Likajibu papo hapo, na halikuwa daktari: “Mashauriano yako yamefungwa. Je, umeridhika na huduma? Tupe nyota.” Nikaandika tena kwamba nina mimba. “Asante kwa maoni yako,” likasema.

Nilirudi jikoni. Nikamenya vitunguu, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuvimenya, kwa sababu nilikuwa na ruhusa ya kulia. Kiuno kikaanza kuuma, upande mmoja tu. Maumivu yale niliyajua, na baridi ikanishuka mgongoni katika jua lote lile. Mtu wa pembeni yangu akaniuliza kwa nini natetemeka, nikasema ni moshi. Sijui moshi unamtetemeshaje mtu. Nilifikiri kwenda duka la dawa na ujumbe uleule, nimeze nusu nusu. Nilifikiri kungoja Ijumaa ipite. Kila nilichofikiri kiliishia kwenye kile kitanda cha hospitali. Basi nikapiga moyo konde, nikanawa mikono, nikarudi kwenye matofali.

“Tena?” mama mkwe akasema kutoka jikoni. “Wewe, unatafuta nini pale kwa wazee?”

Nikajifanya sikusikia. Nyumba ile mtu anajifunza.

Safari hii nililipa upya na nikachagua Kiingereza. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kichwani, machache, ya kutosha. Nilisubiri tena, wagonjwa walikuwa mbele yangu tena. Muziki wa harusi ukalia. Na sauti iliyotoka ilikuwa ileile iliyopigwa pasi.

“Aa, ni wewe, dada wa mkojo!” akasema kwa furaha. “Mbona umechagua Kiingereza? Usijisumbue, tuendelee na Kiswahili chetu.”

Nikamwambia kwa Kiingereza, hapana, Kiingereza tafadhali. “Usiwe na wasiwasi kabisa,” akasema, kwa Kiswahili. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba kuna kosa kwenye majibu yangu. Nadhani alifungua kumbukumbu zangu, kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo ingefika mpaka kwa jirani:

“Hapa naona ulisema huna ujauzito. Sasa nieleze vizuri, dada. Unao au hunao?”

Nikasikia kitufe. Baba mkwe alikuwa amezima redio.

Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Kisha, sijui ilitoka wapi, hasira ikaja na kuisukuma aibu pembeni. Nilimkasirikia yule kijana na Kiswahili chake, na lile tangazo, na wale wenye pole zao, na mume wangu aliyeko Congo, na ile spika. Nilichoka kunong'ona. Nikaondoa kitenge kwenye simu.

“Ninao,” nikasema kwa sauti yangu ya kibandani. “Ni wa miezi minne. Na ule wa kwanza ulitoka kwa ugonjwa huuhuu. Sasa kiuno kimeanza kuuma. Niandikie dawa ya mwenye mimba.”

Sauti ya kijana ilikuwa imeshuka, na sasa ndiyo ilikuwa sauti ya kunong'ona. “Pole sana, dada. Kwa mjamzito haturuhusiwi kuandika dawa hii kwa simu. Ni lazima upimwe mkojo na uonwe na mtu. Tena kama kiuno kinauma, nenda kituo cha afya leo hii, usingoje kesho. Tafadhali, dada, nenda.” Alisema tafadhali ile kwa moyo, namkubalia hilo. Halafu akakata, na kabla sijashusha mkono simu ikatoa mlio mwingine. Tupe nyota.

Nikakaa juu ya matofali. Nilikaa mbele ya baba mkwe wangu, miguu imenyooka, kitenge kimelegea, kama mtu asiyefundishwa na mama yake, nikalia. Siri yangu ilikuwa imeshamwagika na dawa sikuwa nayo. Kama wangeniambia mwanzoni kabisa, kabla ya namba za siri na malipo na rangi ya mkojo, kwamba mwenye mimba aende kituo cha afya! Sentensi moja. Ingekaa vizuri kwenye lile tangazo, mahali pa “hakuna atakayejua”.

Baba mkwe akainuka. Hakunitazama. Alitazama juu ya turubai, akamwambia mzee aliyekaa pembeni yake, “Waambie, kuna mutu hapa iko na safari ya hospitali. Boda iko wapi? Ikuje sasa hivi.” Akafikiri. “Na waambie kule jikoni, ndoo ya maji iko na watu ingine ya kubeba.”

Kisha akachukua redio kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, akatoka kivulini, akaenda kukaa ng'ambo ya uwanja, juani. “Hapa joto sana,” akasema. Wazee wenzake wakatazamana. Mmoja akanyanyua kiti chake akamfuata, na mwingine, mpaka turubai likabaki tupu na mimi na matofali yangu. Wote walikaa kule kwenye jua la saa nane, vichwa wazi, wakizungumza bei ya ng'ombe kwa nguvu.

Mama mkwe alikuja mbio akifuta mikono. Sikuhitaji kumweleza. Ile simu ilikuwa imefika mpaka jikoni pia. Nilingoja aseme kitu, kwa nini sikumwambia, au ashangilie kama mara ile. Alivua kitenge chake cha juu, akanifunga nacho kiunoni, akakaza fundo. Boda ilipofika akapanda nyuma yangu, akanishika tumbo kwa mikono miwili njia nzima, na kila kwenye shimo alimwambia dereva, “Pole pole, baba. Pole pole.”

Mkunga, yule mtoto wa shangazi, alituona kwenye benchi akatuita ndani. Alinipa kikopo. Alipima, akanipima na shinikizo la damu, akasikiliza tumbo kwa kile chombo chao cha mbao mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba mtoto yuko. Mama mkwe akatoka nje ghafla, na nilimsikia akipenga kamasi. Dawa niliyopewa ilikuwa ya mwenye mimba, nikaambiwa niimalize yote hata nikipona, na nirudi kuangaliwa. Tulikuwa tumemaliza kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kupanga matofali. Hilo liliniudhi kuliko mengine yote. Nilipokuwa natoka, mkunga alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo, “Mimi hapana sema kwa mutu.” Nilishindwa kumwambia kwamba hakuna tena mutu wa kumwambia.

Ijumaa dua ikasomwa. Watu wakajaa, ndugu wa kutoka Arua, majirani, wanawake walewale waliokuja na pole zao. Nilikaa pembeni nikamenya vitunguu, maana nilipewa kigoda na kukatazwa kuinuka. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu la kila mmoja, tena majibu makali. Hakuna aliyeyahitaji. Hakuna aliyenipa hongera, hakuna aliyetazama tumbo. Waliniletea chai, wakauliza habari za cherehani. Mume wangu alipopata mtandao huko alikokuwa, akampigia mama yake, nikamsikia mama mkwe akisema, “Mke yako iko. Anakula vizuri,” akakata. Ndipo nilipoelewa kwamba ile mimba ya kwanza hata wao ilikuwa imewauma, na kwamba nyumba nzima, pamoja na wazee wa kambini, ilikuwa imeshika pumzi pamoja nami.

Mtoto ni msichana, sasa anatambaa. Spika nimeitengeneza. Wale wa daktari wa simu bado wananitumia ujumbe, ati kwa kumbukumbu zao mimi sina mimba wala mtoto, niendelee kujikinga, na niwape nyota. Sijawapa hata moja.

Baba mkwe alikuja Pajulu kumwona mjukuu. Alikaa sebuleni na redio yake, mtoto amelala chumbani, na mume wangu akaanza kumtania juu ya siku ile, kwamba mzee alikimbia kivuli. “Siku gani?” baba mkwe akasema. “Mimi sikusikia kitu. Hii masikio, mizinga iliharibu.”

Tukacheka. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, akageukia ukutani.

“Waambie,” akasema, “mutoto iko nalia.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba na sikuwa nimesikia chochote. Nikaingia, nikamkuta kweli ameamka.